Ridley: Aliyepita Nyuma ya Uwanja

Ridley ni joka la angani katika michezo ya video ya Metroid, inayotengenezwa na kampuni ya Nintendo ya Japani. Ana mwili mwembamba wa zambarau, mabawa ya ngozi kama ya popo, mdomo mrefu uliojaa meno, na mkia unaoishia kwenye ncha kali kama ya mkuki. Ana akili. Ni kamanda wa maharamia wa anga, na ndiye aliyewaua wazazi wa Samus Aran, shujaa wa michezo hiyo, Samus akiwa bado mtoto. Nje ya Metroid, Ridley ana historia ya pili ndani ya Super Smash Bros., mfululizo wa michezo ya mapigano unaowakutanisha wahusika wa michezo tofauti katika uwanja mmoja. Humo alianza mwaka 1999 kama umbo linalopita kwa mbali, na ikamchukua hadi 2018 kuwa mpiganaji anayeweza kuchaguliwa na mchezaji. Kumbukumbu hizi zinaifuata safari hiyo toleo kwa toleo, kama ilivyoonekana na mtu aliyeyacheza yote kwa mpangilio wake.

Metroid ya kwanza ilitoka Japani mwezi Agosti 1986 kwa mashine ya Famicom, chini ya usimamizi wa Gunpei Yokoi. Watengenezaji wake walikuwa wamevutiwa na filamu ya Alien ya mwaka 1979, na jina la joka hili limetokana na la mwongozaji wa filamu hiyo, Ridley Scott. Jambo moja la mchezo huo husahaulika mno, hata na watu wanaojiita wapenzi wa Metroid: Ridley hakuwa mkubwa. Alimzidi Samus kwa kimo kidogo tu. Alirukaruka pale pale alipo na kutema mipira ya moto iliyodunda sakafuni. Kimo hicho kilipangwa na mashine. Famicom iliweza kuchora vipande 64 tu vya picha zinazotembea kwa wakati mmoja, kila kimoja kikiwa na upana wa pikseli 8, na visizidi 8 katika mstari mmoja wa kioo. Zimwi la kujaza nusu ya kioo lingekatikakatika machoni pa mchezaji.

Ukubwa alioupata baadaye ulitoka kwenye Super Metroid ya mwaka 1994, kwenye mashine ya Super Famicom iliyokuwa na nguvu zaidi. Mwanzoni mwa mchezo huo Samus anaingia katika kituo cha utafiti cha Ceres na kukuta wanasayansi wamelala chini, wamekufa. Chumba cha mwisho ni giza. Sakafuni kuna chupa ya kioo yenye Metroid mchanga, kiumbe aliyekuwa akichunguzwa. Hakuna muziki wa vita wala onyo. Kisha jicho moja linawaka gizani, likifuatiwa na umbo zima, na chupa ile imo katika makucha yake. Tukio hilo huchukua sekunde chache, na ndilo lililomfanya Ridley kuwa Ridley. Tangu hapo amekuwa kitu kilichokwisha kufika kabla ya mtu kujua kwamba kipo. Wanaotaka kuelewa kwa nini kutokea kwake katika Super Smash Bros. kuliwagusa watu kiasi kile hawana budi kuanzia kwenye jicho hilo.

Super Smash Bros. ilitoka Japani Januari 1999 kwa mashine ya Nintendo 64. Ilitengenezwa na HAL Laboratory chini ya Masahiro Sakurai, na Satoru Iwata, aliyekuja kuwa rais wa Nintendo, alishiriki katika kuiandikia programu. Ilikuwa na wapiganaji 12, Samus akiwa mmojawapo. Kanuni zake zilitofautiana na za michezo mingine ya mapigano. Hakuna mstari wa uhai unaopungua. Kila pigo linaongeza asilimia, na asilimia inavyopanda ndivyo mpiganaji anavyorushwa mbali zaidi, hadi atoke nje ya kioo na kupoteza. Uwanja wenyewe kwa hiyo ni sehemu ya mapigano, na watengenezaji waliujaza viumbe wasiochaguliwa na mchezaji. Katika uwanja wa Dream Land, mti wa Whispy Woods unapuliza upepo unaowasukuma wapiganaji. Katika Saffron City, Pokémon wanachomoza mlangoni na kumshambulia aliye karibu. Katika Planet Zebes, uwanja wa Samus, tindikali hupanda na kushuka chini ya majukwaa.

Ridley naye yumo Planet Zebes. Hapulizi, hashambulii, haguswi. Anapaa mbali angani, nyuma ya miamba, kisha anapotea.

Mwandishi wa kumbukumbu hizi alimwona hapo kwa mara ya kwanza, akiwa na umri wa miaka 11, sebuleni kwa mama yake mkubwa wakati wa likizo. Padi zilikuwa mbili na watoto walikuwa watano, hivyo waliokuwa wakisubiri zamu walikuwa na muda wa kuuangalia uwanja kuliko waliokuwa wakipigana. Mchezaji hutazama mpiganaji wake na ukingo wa jukwaa, basi. Anayesubiri ndiye anayeiona anga. Alipouliza kile kilichopita ni nini, binamu yake mkubwa alijibu bila kuondoa macho kwenye kioo: “Huyo hapigiki, mdogo wangu. Anapita tu.” Kuanzia siku hiyo, kila uwanja huo ulipochaguliwa, mtoto yule aliomba zamu yake iende kwa mwingine ili apate kumsubiri joka apite tena.

Kumbukumbu hiyo ndogo inaeleza vizuri kazi ya kiumbe wa mandhari. Whispy Woods anakumbukwa kama usumbufu, kwa sababu kila mtu amewahi kusukumwa naye. Kiumbe asiyegusa mtu hubaki na maswali yake yote. Anatoka wapi? Kwa nini Samus, aliyesimama pale chini, hageuki kumtazama muuaji wa wazazi wake? Watengenezaji hawakuandika hata neno moja juu ya hayo. Waliweka umbo dogo linalopaa, na mengine yakajazwa na vichwa vya watazamaji. Kati ya njia zote za kumwonyesha mhusika bila kumtumia, hii ndiyo ya bei nafuu kuliko zote, na kwa maoni ya mwandishi huyu ndiyo yenye nguvu kuliko zote.

Super Smash Bros. Melee ya Novemba 2001, kwenye mashine ya GameCube, ilimtoa Ridley uwanjani kabisa. Humo yumo kama sanamu ndogo ya kukusanywa, yenye maelezo mafupi ya maisha yake, na yumo katika filamu ya ufunguzi, ambako anaonekana akikabiliana na Samus ndani ya kituo cha Ceres. Katika uwanja wa Brinstar Depths aliwekwa mwenzake Kraid, mjusi mkubwa ambaye yuko nyuma ya mwamba na huuzungusha mwamba wote pamoja na wapiganaji waliomo. Ile picha ya ufunguzi ilikuwa nzuri mno. Wengi waliotazama filamu hiyo walidhani wanaonyeshwa mpiganaji aliyefichwa, kwa sababu Melee ilikuwa na wapiganaji wengi wa kufunguliwa kidogo kidogo. Walicheza miezi wakimtafuta. Hakuwemo.

Toleo hilohilo ndilo lililoanzisha mabishano ya kimo. Bowser, mfalme wa kasa anayejaza jumba zima katika baadhi ya michezo ya Mario, aliingizwa Melee kama mpiganaji wa kawaida. Mwaka 2008, katika Super Smash Bros. Brawl ya mashine ya Wii, aliingia Olimar wa Pikmin, ambaye katika mchezo wake ana kimo cha sentimita 2 hivi, na akasimama akimkaribia Mario kwa urefu. Ikiwa kasa anapunguzwa na sisimizi anakuzwa, mashabiki waliuliza, joka lina kosa gani?

Sakurai alieleza zaidi ya mara moja kwamba tatizo halikuwa kumpenda au kutompenda. Mpiganaji wa mfululizo huu lazima aweze kukamatwa na kurushwa na kila mpiganaji mwingine, kuanzia Pikachu hadi Donkey Kong. Lazima atue kwenye majukwaa membamba bila kuyafunika. Mwili mpana hupigwa kirahisi, na mabawa yaliyokunjuliwa ni mwili mpana sana. Kumpunguza Ridley hadi aenee kwenye masharti hayo, au kumnyang'anya uwezo wa kuruka huku na huku, kungemfanya awe kitu kingine chenye jina lake. Hoja hiyo ilikuwa ya heshima, na wengi walioipinga hawakuitendea haki. Aliyekuwa akikataa alikuwa akilinda lile jicho la gizani.

Katika Brawl suluhisho lilikuwa kumfanya bosi, yaani adui mkubwa anayedhibitiwa na mashine. Brawl ilikuwa na hadithi ndefu iitwayo The Subspace Emissary, ambayo Kazushige Nojima alishiriki kuiandika. Ndani yake Samus na Pikachu wanapenya kwenye kituo cha adui kutafuta vazi la chuma la Samus. Wanalipata. Samus analivaa, na baadaye, wakiendelea ndani ya kituo, Ridley anatokea, anamnyakua na kuruka naye, akimsugua ukutani kwa urefu wa ukumbi mzima huku cheche zikitoka kwenye chuma. Hajui hata kama kuna mwingine. Pikachu anapanda juu, anaita radi, na joka linamwachia. Ndipo pambano linapoanza. Baadaye katika hadithi hiyo anarudi akiwa Meta Ridley, mwenye viungo vya chuma, umbo lililotoka kwenye Metroid Prime ya mwaka 2002, na anapigwa vita juu ya chombo cha mpiganaji mwingine, Captain Falcon, kinachokimbia kwa kasi, muda ukiwa umewekewa kikomo.

Mwandishi alilicheza pambano lile la kwanza akiwa na rafiki mmoja, wakishirikiana, mmoja Samus na mwingine Pikachu. Aliyekuwa na Pikachu hakuwahi kugusa mchezo wowote wa Metroid. Hakujua jina la joka wala habari za wazazi wa Samus. Lakini filamu ile ya kusugua ukutani ilipokwisha aliishika padi kwa mikono miwili na kusema wamalize leo leo, hata kama ni usiku. Pigo moja lililopangwa vizuri lilimpa chuki ambayo mwenzake aliipata kwa kucheza michezo mitatu. Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba mgeni katika mchezo wa watu wengine anaweza kujieleza kwa tendo moja, bila maandishi wala maelezo, mradi tendo lenyewe liwe ni lake hasa. Hakuna kiumbe mwingine wa Nintendo ambaye angemburuza Samus namna ile.

Toleo la nne lilitoka mwaka 2014, likiwa na sura mbili: moja ya mashine ya mkononi ya 3DS mwezi Septemba, nyingine ya Wii U mwezi Novemba huko Amerika ya Kaskazini na Desemba Japani. Tarehe 8 Aprili mwaka huo Nintendo ilirusha kipindi cha video cha kulitambulisha, Sakurai akiwa msimulizi. Alipofika kwenye viwanja vyenye mabosi, alionyesha uwanja wa Pyrosphere, uliotoka kwenye Metroid: Other M ya mwaka 2010. Kivuli kikapita ukutani. Kilikuwa na mdomo mrefu, mabawa, na mkia. Hakikutajwa jina.

Kivuli hicho kilizaa miezi ya mabishano. Kundi moja lilisema kimewekwa sehemu ya mabosi, kwa hiyo ni bosi. Kundi jingine lilijibu kwamba kama angekuwa bosi tu, pasingekuwa na sababu ya kumficha, kwa vile bosi wa Mega Man, Yellow Devil, alionyeshwa wazi katika kipindi kilekile. Watu walipima kivuli kwa rula dhidi ya wapiganaji waliosimama chini yake. Mwandishi alikuwa katika kundi la pili, na aliwashawishi wengine kadhaa kwa moyo wote. Mchezo ulipotoka, Ridley alikuwa bosi wa uwanja.

Kilichopotea katika huzuni hiyo ni kwamba kazi aliyopewa Pyrosphere ilikuwa ya kipekee, na inastahili kuelezwa kwa kirefu. Ridley anaingia katikati ya pambano la kawaida na kuwashambulia wote. Wapiganaji wanaweza kumpiga. Mpiganaji anayempiga vya kutosha humgeuza upande wake, na kwa muda joka linapigana kwa ajili yake dhidi ya wengine. Akiuawa, aliyempiga pigo la mwisho anapata pointi kana kwamba amemtoa mpiganaji halisi. Anaweza pia kufyonza nishati ya uwanja na kuwa Meta Ridley, akaongezeka ukali. Kwa hiyo kila mchezaji analazimika kuamua papo hapo: kumnunua, kumuua, au kumkimbia na kuwaachia wenzake mzigo. Watu wanne waliokuwa wakigombana sebuleni wanaacha ghafla, wanashirikiana sekunde kumi dhidi ya joka, kisha mmoja anawasaliti. Hapakuwa na kiumbe wa uwanja mwenye uzito kama huo katika mfululizo mzima. Lakini kwa kuwa watu walimtaka katika orodha ya wapiganaji, wengi walimpita Pyrosphere kama wanavyopita duka lililofungwa. Mwandishi naye alipoteza karibu mwaka mzima kabla ya kuucheza uwanja huo kwa moyo mweupe, na majuto hayo ndiyo yaliyomfundisha kutenganisha kile mchezo ulichotoa na kile kivuli kilichoahidi.

Tangu Aprili hadi Oktoba 2015 Nintendo iliendesha kura ya mtandaoni, kila mtu akiombwa kutaja mhusika anayetaka aingie. Baadhi ya wapiganaji wapya wa toleo lililofuata walichaguliwa kwa kuitazama kura hiyo, na kati ya waliofaidika nayo ni Ridley na King K. Rool, mamba wa michezo ya Donkey Kong.

Tarehe 12 Juni 2018, wakati wa maonyesho ya E3, Nintendo iliitambulisha Super Smash Bros. Ultimate ya mashine ya Switch kwa kipindi kirefu kilichoeleza kurudi kwa kila mpiganaji aliyewahi kuwemo. Mwishoni kabisa picha iligeuka giza. Samus anatembea katika ukumbi mweusi. Kuna kitu kinanyemelea. Mega Man na Mario wamo humo pia, na mmoja baada ya mwingine wanashambuliwa gizani kabla ya kujua kilichowapata. Kisha Ridley anatoka akiwa ameshika kofia nyekundu ya Mario. Waliotengeneza kionjo hicho walirudi moja kwa moja kwenye Ceres ya mwaka 1994: ukimya kwanza, giza, kisha makucha yenye kitu cha mtu mwingine. Mchezo ulitoka tarehe 7 Desemba mwaka huo, na Ridley akapewa namba 65.

Suala la kimo lilitatuliwa kwa mgongo. Ridley wa Ultimate husimama ameinama, shingo imetangulia, magoti yamekunjwa, mabawa yamebanwa nyuma. Mwili umepunguzwa, ndiyo, ila mkunjo huo unamfanya mtazamaji ahisi kwamba urefu bado upo, umewekwa akiba. Bado ni miongoni mwa wapiganaji wakubwa na wazito, na anapigwa kirahisi kuliko wengi, jambo ambalo Sakurai aliliona mapema. Fidia yake ni mapigo marefu, uwezo wa kuruka zaidi ya mara moja akiwa hewani, na ule mkia. Pigo lake la kuchoma kwa mkia huchelewa kuanza, na likimpata mtu katikati halifanyi mengi. Likimpata kwa ncha yenyewe, madhara yake ni makubwa ajabu. Kukifundisha kidole pigo hilo kulimchukua mwandishi wiki kadhaa. Umbali ukikosewa kwa hatua moja tu, mwenye pigo ndiye anayepigwa.

Pigo lake jingine ni la kumkamata mpinzani na kumburuza chini kwa kasi, uso kwenye sakafu. Aliyecheza Brawl analitambua mara moja: ni ule ukuta wa mwaka 2008, sasa umelazwa na kukabidhiwa kwa mchezaji. Katika shambulio lake kuu anampeleka mpinzani hadi kwenye chombo cha Samus na kukiteketeza kwa moto wa mdomo. Meta Ridley amewekwa miongoni mwa mavazi yake ya kubadilisha.

Viwanja alikotangulia kupita havimo katika Ultimate. Planet Zebes haikurudishwa, wala Pyrosphere. Brinstar Depths imerudi, na Kraid yuko palepale nyuma ya mwamba, akiuzungusha, wakati Ridley na Samus wakipigana juu yake.